Gari la Nyumbani na Springi za Mashindano

Mwezi uliopita shemeji yangu, ambaye ni koplo jeshini, alirejea kutoka kazi ya kulinda amani huko Sudan Kusini, akakaa nasi hapa Kamembe siku nne za likizo yake. Baada ya chakula na salamu za jamaa wote, alifungua simu yake akanionyesha picha ya vyuma vinne vya rangi ya buluu na zambarau, vikimeremeta kama vyombo vya harusi. "Shemeji," akasema, "hivi ndivyo nitakavyofunga kwenye gari langu. Fedha nimekwisha ziweka kando." Nilimwuliza ni fedha zipi. Akajibu kwamba ni zile alizokuwa amezitenga kwa mabati ya nyumba yake, na kwamba mabati yanaweza kungoja. Dada yake, yaani mke wangu, ambaye alikuwa akimenya ndizi, aliweka kisu chini akatutazama sote wawili.

Najua kwamba shemeji hayuko peke yake. Askari na polisi wengi, wanaporudi kutoka kazi za nje, huona gari kuwa tunda la kwanza la jasho lao, na hapana ubaya. Lakini gari likishanunuliwa, huja tamaa ya kulipamba na kulitia nguvu. Na katika mapambo yote hayo, hakuna linalogusa uhai wa watu waliomo garini kama hili la springi na shokomzoba. Kwa hiyo nimeona yafaa niyaandike hapa yale niliyomweleza shemeji usiku ule, pamoja na lile lililonipata mimi mwenyewe, ambalo sikumweleza mpaka siku ya pili.

Vyuma vile kwa lugha ya wauzaji huitwa koilova. Maana yake si ngumu. Katika magari mengi madogo, mathalani Toyota Corolla au Subaru Impreza ya shemeji, springi tayari huzunguka shokomzoba, au amorutiseri kama wasemavyo mafundi wetu wa Rusizi na wenzao wa Bukavu kwa mazoea ya Kifaransa. Tofauti ya koilova ni kwamba bomba lake limekatwa hesi kwa nje, na springi imekalia pete inayozungushwa kwa spana. Ukiizungusha pete kwenda chini, gari hushuka. Ukiipandisha, gari huinuka. Nyingi zina pia kitufe kidogo juu, ambacho ukikizungusha hulia "tik, tik", na kila mlio huongeza au hupunguza ugumu wa shokomzoba. Zilibuniwa kwa watu wanaotaka gari moja liwapeleke kazini Jumatatu, kisha Jumamosi liwapeleke kwenye uwanja wa mashindano wenye lami laini kama meza.

Hapo ndipo swali la kwanza linapozuka: uwanja huo uko wapi kwetu? Ni kweli kwamba mnamo Desemba 2024, wakati shirikisho la dunia la mashindano ya magari, FIA, lilipofanya mkutano wake mkuu mjini Kigali, Rwanda ilitangaza nia ya kuandaa Formula 1. Lakini mashindano tuliyoyazoea sisi ni ya barabara za vumbi: Rwanda Mountain Gorilla Rally, ambayo imo katika ubingwa wa Afrika, na yale ya Huye yanayofanywa kwa kumbukumbu ya dereva marehemu Claude Gakwaya. Shemeji mwenyewe hashindani bado. Yeye ni msomaji wa maelezo ya njia kwa rafiki yake, na gari lake hutumika siku chache kabla ya mashindano kwa kukagua njia, kisha hubeba matairi na zana. Hiyo ni mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote gari lile hupeleka watoto shuleni.

Sasa nije kwenye lililonipata.

Miaka minne iliyopita nilikuwa na Corolla ya mwaka 1998, nayo ninayo hata leo. Muuzaji mmoja wa vipuri, ambaye sitamtaja, aliniletea koilova zilizotumika, zilizotoka katika kontena. Alinihakikishia kwamba zinaingia kwenye gari langu bila kukata wala kuchomelea, na kwa hilo alisema kweli. Fundi alizifunga siku moja. Gari likashuka sentimita tano, likasimama kama duma anayenyemelea. Kwenye lami ya kutoka Kamembe kwenda Nyungwe nilijiona bingwa: kona ambazo zamani gari lililala upande kama mashua ya Kivu yenye upepo, sasa lilizipita limesimama wima. Mke wangu alisema neno moja tu, "Baba watoto, mbona matuta yanatuumiza?" Nami nikamjibu kwamba atazoea. Matuta hayo ndiyo ambayo hapa kwetu huitwa dodani, na mjini yamejaa.

Mama yangu mzazi anaishi Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, mahali ambapo nchi hii hushuka hadi karibu na mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu ya huko ina lami, lakini kutoka lami hadi nyumbani kwake kuna njia ya udongo yenye mifereji iliyochimbwa na mvua na magurudumu ya malori. Jioni moja ya mwezi wa Aprili tuliitwa: mama ana homa kali, anatetemeka, haongei sawasawa. Tulikwenda, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mke wangu, na ndugu yangu mmoja akaketi mbele. Kabla hatujafika kwenye lami nilisikia mgongano chini ya gari, mmoja tu, kama mtu aliyepiga sufuria kwa nyundo. Nikaendelea. Tulipokuwa tumekwisha kuanza kupanda kuelekea Kamembe, taa nyekundu ya oili ikawaka.

Nilizima injini papo hapo, na hilo ndilo jambo la pekee la busara nililolifanya siku ile. Jiwe lilikuwa limepasua bakuli la oili chini ya injini, na oili yote ilikuwa imeandika msitari mweusi barabarani nyuma yetu. Ilikuwa saa mbili usiku. Mama alikuwa akimwita baba yangu, ambaye alifariki siku nyingi. Dereva wa lori la saruji alisimama, akampakia mama na mke wangu katika chumba chake cha mbele, akawapeleka hospitalini. Sikupata hata kumwuliza jina. Ilikuwa malaria, na mama akapona. Mimi nilibaki kando ya barabara na gari langu zuri hadi alfajiri, na nilipata muda wa kutosha wa kufanya hesabu ambazo zilipasa kufanywa kabla.

Nimewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuingia kazi ya ofisini, kwa hiyo msomaji atanivumilia nikiziandika. Springi hupimwa kwa kilo zinazohitajika ili ibonyee milimita moja. Springi ya gari dogo la kawaida huweza kuwa na kilo 2 kwa milimita, au karibu na hapo. Ya koilova za barabarani mara nyingi huwa kati ya kilo 4 na 8. Chukua kilo 200 za watu na mizigo zilizoongezeka upande wa nyuma, ambazo ni kilo 100 kwa kila gurudumu. Springi ya kilo 2 itabonyea milimita 50. Springi ya kilo 5 itabonyea milimita 20 tu. Muuzaji atakwambia: unaona, yangu ni bora! Lakini gari langu lilikuwa limekwisha shushwa milimita 50 kabla hajapanda mtu hata mmoja. Jumla ni milimita 70 kutoka kimo lilichotoka nacho kiwandani, na gari la kawaida lenye mzigo ule ule lingeshuka 50. Tofauti ni milimita 20, upana wa kidole gumba. Jiwe la Bugarama halikuhitaji zaidi ya hapo.

Basi jambo la kwanza la kuchagua si ugumu wala rangi, ni kimo. Mtu anayeishi Kigali na hatoki kwenye lami aweza kushusha gari sentimita mbili asipate madhara makubwa. Anayeishi Rusizi, Nyamasheke au Nyaruguru, ambaye jamaa zake wako mwisho wa njia ya udongo, asishushe hata kidogo. Na ikiwa koilova anazozipenda, zikipandishwa hadi mwisho wa hesi salama, haziwezi kufikia kimo cha kiwandani, aziache dukani. Liulize swali hilo kabla ya kutoa fedha: kimo cha juu kabisa ni kipi? Wauzaji wengi hujua kimo cha chini tu, kwa sababu ndicho wanachoulizwa na vijana.

Tena kuna hila katika namna ya kushusha. Koilova za bei nafuu hushusha gari kwa kuteremsha pete ya springi peke yake. Kwa kufanya hivyo, chuma cha ndani cha shokomzoba huzama ndani ya bomba hata gari likiwa limesimama, na nafasi inayobaki ya kubonyea hupungua. Ukikuta shimo, nafasi huisha, na mpira wa kuzuia hugonga. Pigo lote huenda kwenye bodi na kwenye uti wa mgongo wa abiria. Hilo ndilo lililokuwa likimwumiza mke wangu kwenye dodani. Zile zilizo bora zaidi zina hesi mbili: moja ya springi, nyingine chini kabisa mahali bomba linapoingia katika mguu wake, ili kimo kibadilike bila kula nafasi ya shokomzoba.

Ugumu ndio wa pili. Watu hudhani gari gumu ndilo salama kwa sababu halilali kwenye kona. Kwenye uwanja wa lami ni kweli. Lakini gurudumu lina kazi moja kubwa, nayo ni kushika ardhi. Kwenye njia yenye mawimbi madogo madogo, zile bati za udongo tunazozijua sote, springi ngumu mno hulifanya gurudumu kurukaruka, na gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halifuati usukani. Ongeza mvua ya msitu wa Nyungwe, barabara inayopita zaidi ya mita 2,400 pale Uwinka, ukungu, na malori yanayoshuka polepole nyuma ya kona. Mimi nisingependa hapo gari linalorukaruka.

Wenzetu wa Kenya walilijua jambo hili zamani. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na magari yaliyoshinda huko hayakuwa yaliyolala chini. Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, katika njia za tope na mawe ambazo zingelimeza gari langu la koilova kabla ya chakula cha mchana. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, timu kubwa za Ulaya na Asia zilipaswa kuyainua magari yao. Mashindano ya lami hutaka gari fupi na gumu. Ya kwetu hutaka gari lililoinuka, springi ya wastani, na shokomzoba yenye nafasi ndefu ya kwenda juu na chini. Wauzaji huyaita yote kwa jina moja, koilova, na ndiyo maana watu huchanganyikiwa.

Kuhusu shokomzoba yenyewe nitasema kwa ufupi. Kazi yake si kubeba gari, hiyo ni kazi ya springi. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya shimo. Kwa hiyo springi ngumu hutaka shokomzoba iliyotengenezwa kwa ugumu huo. Kufunga springi ngumu juu ya shokomzoba ya zamani ni kama kumpa mtoto kamba ya ng'ombe dume. Kuna shokomzoba za bomba moja, zenye gesi ya nguvu, ambazo hazichoki upesi kwa joto, na kampuni ya Kijerumani ya Bilstein ilijipatia sifa kwa hizo tangu miaka ya 1950. Na kuna za mabomba mawili, moja ndani ya jingine. Kwenye njia ya mawe hizi za pili zina faida moja isiyotajwa mara nyingi: jiwe likibonyeza bomba la nje, bomba la ndani ambamo pistoni inatembea huweza kusalimika. Lile la bomba moja likibonyea, pistoni hukwama, na imekwisha.

Sehemu ya juu, inaposhikwa na bodi, nayo itazamwe. Koilova za mashindano huwa na kifundo cha chuma mahali pa mpira. Usukani huwa mwepesi kujibu, lakini kila kokoto husikika ndani ya gari, na kwa vumbi letu kifundo huanza kugonga mapema. Gari la watoto libaki na mpira.

Kisha kuna kutu na tope. Hesi zile zinazomeremeta dukani, baada ya msimu mmoja wa mvua hujaa udongo mwekundu, na pete hugoma kabisa. Mwenye nazo yampasa azisafishe kwa brashi na maji, azikaushe na kuzipaka grisi ya kuzuia kutu, la sivyo baada ya mwaka atakuwa amelipia kitu cha kurekebishika kisichorekebishika. Na aulize kama sili na oili ya ndani hubadilishwa, na wapi. Kampuni kama Öhlins ya Sweden, KW ya Ujerumani au Tein ya Japani zina sifa kubwa, lakini sifa haitengenezi sili iliyovuja Kamembe. Ikiwa ni lazima chombo kitumwe ng'ambo kwa matengenezo, gharama hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei. Zilizotumika mimi sizipendi tena, isipokuwa umeona kwa macho yako kwamba chuma cha ndani hakina mkwaruzo, hakuna oili iliyovuja, na hesi zote zinazunguka.

Siku ya pili, nilipokwisha kumsimulia shemeji habari za mama, alinyamaza muda. Kisha akauliza, "Basi nisifanye kitu?" Sikumaanisha hivyo. Tulikwenda pamoja kwa fundi wangu, mzee mtaratibu ambaye hufunga redio kwanza ndipo asikilize gari. Aliliinua kwa jeki, akatikisa magurudumu, akaingiza chuma kwenye bushi moja moja. Mbili za mbele zilikuwa zimekatika. Shokomzoba moja ya nyuma ilikuwa imelowa oili. Tairi la kushoto lilikuwa limeliwa kwa mabaka mabaka, alama ya shokomzoba iliyochoka. "Bwana koplo," alisema mzee, "gari lako halijawa hata gari la kawaida, na wewe wataka liwe la mashindano."

Maneno hayo yalifanya kazi kuliko hesabu zangu zote. Shemeji alinunua bushi, shokomzoba nne mpya za mabomba mawili zenye gesi, zilizo na ugumu kidogo kupita za kiwandani, na matairi manne mazuri. Springi alibakiza zile zile, kwa kuwa hazikuwa zimelegea. Aliongeza kipande kimoja ambacho mimi sikukifikiria: bamba la chuma la kukinga bakuli la oili. Kwa kukagua njia za Huye mara mbili kwa mwaka hilo litamsaidia kuliko pete yoyote ya zambarau. Kazi ilipokwisha, mzee alipima ulinganifu wa magurudumu, mambo ya paralelisimu, akamwambia arudi baada ya kilomita 1,000 ili nati zote zikazwe upya. Ukifungua miguu ya gari usipopima tena, matairi mapya huliwa upande mmoja kabla hujamaliza mwezi.

Kwa wale ambao wana hakika kwamba wanahitaji koilova, kwa sababu wao hushindana kweli, nawasihi jambo moja zaidi: wasikate wala kuchomelea kitu chochote kabla ya kuuliza wakaguzi wa magari wa Polisi ya Taifa. Mashine za ukaguzi huitikisa miguu ya gari na kuona kama gurudumu linashika ardhi. Ni heri kuuliza ukiwa na spana mfukoni kuliko kurudishwa ukiwa umekwisha lipa.

Zile koilova zangu bado zimo stoo, zimefungwa katika gunia la mchele. Kijana mmoja jirani aliziona, akataka kuzinunua. Nilimwuliza wazazi wake wanakaa wapi. Aliposema Bweyeye, nilifunga gunia. Ama shemeji, alirudi kambini Jumapili; mabati yake yamekwisha lipiwa nusu, na mke wangu ndiye anayetunza risiti.